UZI: Wanaovipigia kura vyama vya walalahoi wanadai deni lao

Mtoto wa Kaloleni (mleta uzi)

Habarini wakuu. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, mwaka wa 13 huu. Kazi yetu mnaijua: Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, kutwa barabarani, na mgeni aliyekaa mbele anataka maongezi. Juni iliyopita nilimbeba mwalimu wa sekondari kutoka Hispania, mama wa makamo. Kabla ya kutoka mjini akaomba tupite Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni. Nilishangaa, maana wengi hupitishwa Mnara wa Saa, wakapiga picha, safari ikaanza. Huyu alijua anachokitafuta. Mle ndani nikamweleza masharti ya uongozi ya mwaka 1967: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Akanyamaza. Tukatoka, tukapita Kisongo, tukafika njia panda ya Monduli hajatamka neno. Halafu akasema: "Chama changu kingekuwa na masharti hayo, labda hadi leo ningekuwa nakipigia kura."

Chama chenyewe ni Podemos, cha mrengo wa kushoto kule Hispania. Nilipomrudisha mgeni wangu uwanja wa ndege sikuliacha jambo lile. Nimelifuatilia miezi mingi, na nimeleta uzi huu kwa sababu kila tukigusa siasa hizi humu, mtu anamaliza mjadala kwa kusema wapiga kura wa vyama hivyo ni mbumbumbu waliolaghaiwa na domo. Nakataa. Nina sababu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ni vyama vya mrengo wa kushoto vinavyoigawa nchi mafungu mawili: walio chini, yaani wananchi, na walio juu, yaani vigogo, mabenki na vyama vikongwe vilivyozoeana na mabenki hayo. Wenzao wa mrengo wa kulia nao hugawa hivyo hivyo, ila wao huongeza fungu la tatu la kulaumiwa: mgeni, mhamiaji, mtu wa dini nyingine. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na naomba isipotee njiani.

Mwananadharia wa mambo haya, Ernesto Laclau wa Argentina, aliliona jambo moja ambalo dereva yeyote angeliona. Huyu analia maji, yule analia ajira, mwingine kodi ya nyumba imempanda. Kila mmoja anabisha hodi kivyake. Siku wakigundua kwamba wote wamefungiwa mlango ule ule, wanakuwa kitu kimoja, hata kama jana hawakujuana. Vijana walioanzisha Podemos Januari 2014 walimsoma sana Laclau na mwenzake Chantal Mouffe. Íñigo Errejón, mmoja wa waasisi, tasnifu yake ya udaktari aliifanya kuhusu chama cha Evo Morales kule Bolivia. Kwa hiyo mafunzo yalitoka Amerika ya Kusini kwenda Ulaya. Safari hii mwanafunzi alikuwa Mzungu.

Sasa deni. Chukueni Ugiriki. Mwaka 2009 chama kikongwe cha kisoshalisti, PASOK, kilishinda kwa asilimia 43.9. Syriza, chama cha mrengo wa kushoto, ilipata asilimia 4.6 tu. Ukaja mzigo wa madeni ya taifa. PASOK, chama cha wafanyakazi na wastaafu, ndicho kilichoshika panga. Kilipunguza pensheni, na Februari 2012 serikali ya mseto ambayo PASOK ilikuwamo ikakata kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 22, na kwa vijana wa chini ya miaka 25 kwa asilimia 32. Mwaka 2013 zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi hawakuipata. Januari 2015 PASOK ikaambulia asilimia 4.7 na Syriza ikachukua nchi kwa 36.3. Namba zimebadilishana viti! Wale watu hawakulala wakaamka wafuasi wa Marx. Ni baba aliyekipigia PASOK miaka 30, amesomesha binti hadi chuo kikuu, binti amerudi nyumbani na cheti bila kazi, na chama chake mwenyewe kinamwambia avumilie. Alikuwa amekiamini, akahisi amedhulumiwa. Akamfuata aliyesema atamdaia.

Hispania hali ni hiyo hiyo, ila kule Podemos ilibebwa zaidi na vijana wa mijini wenye elimu. Hapo ndipo neno "mbumbumbu" linapokosa pa kukaa. Mwalimu wangu alikuwa na shahada mbili, na mwaka 2011 alilala kwenye mahema ya waandamanaji uwanjani Madrid pamoja na wanafunzi wake. Desemba 2015 Podemos na washirika wake walipata asilimia 20.7, wabunge 69, chama kisichotimiza hata miaka miwili.

Kilichomtoa chamani ni nyumba. Mwaka 2012 Pablo Iglesias, kabla hajawa mwanasiasa wa chama, alimshambulia waziri wa uchumi mtandaoni kwa kununua nyumba ya kifahari ya euro 600,000, akauliza kama mtu wa namna hiyo anafaa kukabidhiwa uchumi wa nchi. Mei 2018 yeye na mwenza wake Irene Montero, naye kiongozi wa chama, wakanunua nyumba yenye bwawa la kuogelea huko Galapagar, nje ya Madrid, kwa zaidi ya euro 600,000. Walikopa benki kihalali. Hawakumwibia mtu. Waliwaita wanachama wapige kura kama wabaki madarakani, asilimia 68 wakasema wabaki. Mwalimu wangu alikuwa kwenye zile 32. Alisema hakuwachukia. Alisema: "Niliona tu kwamba hawaishi tena mtaa ninaoishi."

Wakuu, mimi nimelelewa Arusha na mzee aliyefanya kazi kiwandani hapa hapa mjini mpaka kiwanda kikafungwa, akarudi na mafao ambayo hadi anafariki hayakukamilika. Najua mtu anayedai anaonekanaje. Hataki kuoneshwa hasira tu. Anataka mdai wake afanane naye. Naomba tujadili.

---

Hesabu Haidanganyi

Mleta uzi, umeandika kwa ufasaha na nakuheshimu kwa hilo. Ila mimi ni mhasibu, niko Njiro hapa, na kuna mahali unapita haraka. Deni halilipwi kwa hela ambayo haipo. Ugiriki hiyo hiyo: tarehe 5 Julai 2015 wananchi waliulizwa kama wakubali masharti ya wakopeshaji. Asilimia 61 wakasema hapana. Tarehe 13, siku nane tu baadaye, waziri mkuu Alexis Tsipras wa Syriza akakubali masharti magumu. Mabenki yalikuwa yamefungwa, watu wanapanga foleni kutoa euro 60 kwa siku. Angefanya nini?

Halafu Venezuela. Hugo Chávez alichaguliwa Desemba 1998 kwa asilimia 56, kwa maneno haya haya ya walio chini na walio juu. Mafuta yakapanda bei, akajenga kliniki mitaani, umaskini ukapungua kweli, sikatai. Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014 hakukuwa na akiba wala viwanda, magazeti yamebanwa na mahakama ziko mfukoni mwa serikali. Zaidi ya watu milioni 7 wameihama nchi ile. Hao waliohama si vigogo. Ni wale wale walalahoi waliopiga kura. Mimi nasema mpiga kura asiyeuliza "hela itatoka wapi" anajikopesha mwenyewe kwa riba kubwa.

---

Mtoto wa Kaloleni

Mkuu, Venezuela siitetei. Kiongozi akishajiita yeye ndiye wananchi, basi kila anayempinga anageuka adui wa wananchi, na hapo mahakama na magazeti hayaponi. Hatari hiyo imo ndani ya siasa hizi tangu kwenye mbegu. Nimekubali moja kwa moja.

Lakini hata Chávez hakuanguka kutoka mawinguni. Mwaka 1989 Carlos Andrés Pérez alirudi Ikulu ya Caracas baada ya kampeni ya kuwalaani wakopeshaji wa nje. Wiki chache baadaye akapandisha bei ya mafuta na nauli kwa masharti yao. Watu wakaingia barabarani, jeshi likaua mamia. Yule aliyeahidi na kugeuka alikuwa wa chama kikongwe cha kisoshalisti. Naona mfano huo huo wa PASOK. Yaani ukitaka kujua chama cha walalahoi kitazaliwa wapi, tafuta chama cha wafanyakazi kilichowasaliti wafanyakazi.

Na kuhusu Ugiriki, umeacha sehemu inayoniumiza zaidi. Septemba 2015, miezi miwili baada ya kugeuka, Syriza ilishinda tena kwa asilimia 35.5. Kwa nini? Wengi walibaki nyumbani siku ya kura. Waliokwenda walijua Tsipras alibanwa koo, wakampa nafasi. Deni halisahauliki hapo hapo, linapozwa. Mwaka 2019 wakampa 31.5, Juni 2023 wakampa 17.8. Wanaondoka kama wapangaji: hakuna kelele, siku moja unakuta chumba kitupu.

---

Mama Nafaka

Kaka, mimi nauza mahindi na maharage soko la Kilombero, siasa za Ulaya sizijui, ila hilo la nyumba nalipinga. Sisi huku chini hatuangalii sana kiongozi analala wapi. Tunaangalia kama sisi tunalala. Mwishoni mwa 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, mimi nilinunua siku ile ile. Miaka yote nilikuwa nikiona mgambo nafunga kanga kiunoni na kukimbia na debe kichwani, saa nyingine na mtoto mgongoni. Kile kitambulisho kilinifanya nisimame. Unaelewa maana ya kusimama? Watu walisema anatafuta kura. Atafute! Mbona wengine walizitafuta bila kunipa hata hicho?

Na shule. Tangu Januari 2016 ada ya sekondari iliondolewa, binti yangu akasoma. Magufuli aliniita mnyonge na sikuona ni tusi.

---

Mtoto wa Kaloleni

Dada, asante, na nimesoma mara mbili. Hilo la kusimama sikuwa nimelifikiria. Mimi nimeandika kama mtu wa garini, wewe umeandika kama mtu wa chini ya mwamvuli sokoni.

CCM huwezi kuiita chama kipya cha mrengo wa kushoto, lakini lugha ya wanyonge na vigogo ilikuwa ile ile, na aliyeisikia aliisikia vizuri. Labda nirekebishe hoja: mtu anataka kwanza atambuliwe, halafu alipwe, na maisha ya kiongozi ndiyo dhamana anayoishika wakati anasubiri malipo. Mexico ni mfano mzuri wa vyote vitatu. Andrés Manuel López Obrador aliingia madarakani 1 Desemba 2018. Siku hiyo hiyo jumba la Los Pinos walilokuwa wakiishi marais likafunguliwa wananchi waingie. Akajikata mshahara ukawa chini ya nusu ya wa mtangulizi wake, akaweka ndege ya rais sokoni. Wasomi wengi wakasema ni maonesho. Lakini nyuma ya maonesho kima cha chini cha mshahara kilitoka peso 88 kwa siku hadi 249 mwaka 2024. Mwaka huo mwenzake wa chama cha Morena, Claudia Sheinbaum, alipata karibu asilimia 60, zaidi hata ya López Obrador mwenyewe. Hapo wapangaji hawakuhama.

---

Mzigo wa Tunduma

Nakazia kwa upande wa jirani zetu. Naendesha lori hadi Ndola, na mwaka 2011 nilikuwa Zambia wakati Michael Sata anashinda. Mzee huyo alianza na asilimia 3 mwaka 2001, akapata 29 mwaka 2006, 38 mwaka 2008, na 42 zikamwingiza Ikulu. Kura zake kubwa zilitoka Lusaka na mikoa ya migodi ya shaba, kwa wachimbaji, wauza mitumba na vijana wa vibandani. Kaulimbiu ya kampeni ilikuwa na maana ya "usiwaambie": kula sukari ya chama tawala, vaa fulana yao, chumbani kwa kura fanya lako. Nilicheka, maana hata kwetu watu wana akili hiyo. Nani alisema mlalahoi ananunulika? Anachukua, lakini hauzi.

Ila aliahidi hela mfukoni ndani ya siku 90. Mwaka 2013 akaondoa ruzuku ya mafuta na ya mahindi. Pale Ndola nilisikia wale wale waliokuwa wakimshangilia wanamtukana kwenye kituo cha mafuta. Alifariki 2014, na mwaka 2021 chama chake kikaondolewa.

---

Mtoto wa Kaloleni

Mzigo, umenikumbusha jambo ninalotaka kila anayedhani wapiga kura hawa ni wakomunisti alijue. Kisiwa cha Guadeloupe kiko Karibiani lakini ni sehemu ya Ufaransa, na wakazi wengi ni weusi, wajukuu wa watumwa. Aprili 2022, duru ya kwanza ya urais, Jean-Luc Mélenchon wa mrengo wa kushoto alipata huko asilimia 56. Wiki mbili baadaye, duru ya pili, Mélenchon hayumo. Kisiwa kile kile kikampa Marine Le Pen, mwanamama wa mrengo wa kulia kabisa, karibu asilimia 70.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Halafu nikasoma kuhusu mabomba ya maji yanayokauka siku kadhaa, bei za dukani zilizo juu kuliko Paris, na wauguzi waliosimamishwa kazi kwa kukataa chanjo ya korona. Walikuwa wanampiga aliye Ikulu kwa fimbo yoyote iliyo karibu. Mélenchon ilikuwa fimbo ya kwanza. Hili linanitia hofu kuliko Venezuela, mkuu Hesabu. Deni lisipolipwa na anayesema kwa upole, litadaiwa na anayesema kwa chuki.

Tena Mélenchon alikosa duru ya pili kwa kura kama 420,000 tu nchi nzima. Seine-Saint-Denis, kandokando ya Paris kwenye wahamiaji na majengo yaliyochoka, karibu nusu walimpa yeye.

---

Babu wa Kibosho

Marahaba wajukuu. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi natamka.

Mnazungumza kana kwamba mambo haya yako ng'ambo. Mimi nilikuwa kijana wa TANU Azimio lilipotangazwa Februari 1967. Miezi minne kabla, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, lakini siku ile ile akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Sisi wakulima wa kahawa tulilizungumza hilo kilabuni wiki nzima. Hatukuelewa ujamaa wote, ila mshahara kukatwa tulielewa.

Halafu niwaambie lililotuuma. Ushirika wetu wa kahawa, KNCU, ulianza mwaka 1933, baba yangu akiwamo. Mwaka 1976 Serikali iliyosema kwa jina la mkulima ikavivunja vyama vya ushirika, vyote, bila kutuuliza. Vilirudishwa miaka ya themanini lakini moyo ulishatoka. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti ya uongozi nayo yakalegezwa, kiongozi akaruhusiwa hisa na nyumba za kupangisha. Kwa hiyo mjukuu, lile ulilomtafsiria mgeni wako lilidumu miaka 24.

Ndiyo maana kwenye uchaguzi wa rais wa 1995 tulikwenda na Augustino Mrema wa upinzani. Hakuwa mrengo wa kushoto wala wa kulia, alikuwa mtetezi wa mtu mdogo. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mwenye shida alimwendea ofisini, mjane kadhulumiwa shamba, kibarua hajalipwa, naye humpa mkubwa anayehusika siku saba. Kwenye kampeni watu walilisukuma gari lake kwa mikono. Mimi pia nilisukuma, nikiwa na miaka 48. Alipata karibu asilimia 28 nchi nzima, na Kilimanjaro tulimpa kura nyingi sana. Miaka minne haijapita wakagombana ndani ya chama chake cha NCCR, akahamia chama kingine, TLP, na mwaka 2000 akapata asilimia 8. Hakuna aliyetuibia. Sisi tuliokuwa tumesukuma ndio tulioacha kusukuma.

Mimi kadi zangu sijawahi kurudisha. Zipo zote kwenye kopo la biskuti: ya TANU, ya CCM, ya NCCR, ya TLP.

---

Mtoto wa Kaloleni

Babu, nimesoma nikiwa kwenye foleni ya Sakina, ikabidi niegeshe pembeni. Jumamosi nashusha wageni wa mlima pale Marangu. Nikitoka huko naomba nipite Kibosho nizione hizo kadi.

---

Babu wa Kibosho

Njoo, ila uje kabla ya jua kuzama, macho yangu jioni hayaoni maandishi. Ya TANU imejaa alama za ada hadi ukurasa wa mwisho. Ya CCM inafika katikati. Ya NCCR nililipia mwaka mmoja. Hiyo ya TLP utaikuta safi kama nilivyokabidhiwa.